Meli Niliyoijenga kwa Siri ya Baba Mkwe

Kazi yangu ni kuchora ramani za nyumba. Nina chumba kimoja mjini Nyeri, juu ya duka la mbegu na dawa za mimea, na wateja wangu ni watu wanaotaka nyumba ya vyumba vitatu isiyovuja. Bahari nimeiona mara mbili tu maishani. Hata hivyo, kwa karibu miaka miwili, kila nilipomaliza kupanga jikoni na choo cha mtu, nilifungua faili nyingine kwenye kompyuta nikaendelea kuchora meli ya kivita.

Haikuwa meli ya kweli. Nilikuwa mwanachama wa kikundi cha mtandaoni cha watu wanaobuni nchi zisizokuwepo pamoja na majeshi yake, kwa raha tu. Wengine walikuwa wahandisi wastaafu, wengine wanafunzi, na mmoja alikuwa daktari wa meno ambaye hakuna kosa lililompita. Kila mwaka kulikuwa na shindano. Mwaka huo tuliambiwa tuchore meli ya miaka mia moja ijayo, ambayo kazi yake ingekuwa kuukinga msafara mzima wa meli dhidi ya chochote kitakachotoka angani. Pamoja na michoro ilitakiwa hadithi fupi ya kueleza kwa nini meli ilijengwa hivyo. Mshindi angewekwa mwanzoni mwa kitabu cha mwaka, ambacho wanachama walikisambaza bure mtandaoni.

Nilichora meli nyembamba yenye mbawa mbili za chini za kuishikilia isiyumbe. Katikati nilisimamisha mnara wenye rada pande zote nne. Makombora niliyapanga wima sakafuni, moja moja kwenye shimo lake, kama chupa kwenye kreti ya soda. Mbele na nyuma niliweka mitambo ya miale ya kuchoma ndege ndogo zisizo na rubani. Niliona nimemaliza. Nikaituma kikundini, na daktari wa meno akajibu kwa mstari mmoja: meli yako inaona kila kitu, lakini nani anaamua?

Nilikuwa nimechora chumba cha uongozi kwa haraka, mraba mtupu wenye skrini ukutani, kama stoo unayoitia kwenye ramani kwa sababu nafasi imebaki.

Wikendi iliyofuata tulikwenda Naro Moru, kwa wazazi wa mke wangu, kusaidia kuvuna viazi. Nilikuwa nimechapisha mchoro kwenye karatasi kubwa, na baada ya chakula cha mchana niliutandaza mezani ili niukodolee macho. Baba mkwe alikuja akasimama nyuma yangu. Ni mtu mrefu, mkimya, ambaye macho yake yameanza kufifia, na katika miaka tisa ya ndoa yangu tulikuwa tumezungumza zaidi kuhusu mvua. Nilijua kwamba zamani alifanya kazi ya redio kwenye kiwanja cha ndege cha nyasi, katika shamba moja la mifugo huko juu ya Nanyuki, ambalo liliuzwa na kiwanja chake kikalimwa. Sikuwahi kumuuliza zaidi ya hapo.

Aliinama karibu sana na karatasi, akauliza watu wanakaa wapi. Nilimwonyesha ule mraba. Akauliza wako wangapi. Nikasema sijui, labda mashine itafanya yenyewe. Hakucheka. Alitoka nje, akarudi na viazi vinne vyenye udongo, akaviweka juu ya mchoro wangu.

"Hizi ni ndege," alisema. "Hii iko na mafuta ya dakika ishirini. Hii iko na mgonjwa. Hii inaongea sana, rubani ameshikwa na wasiwasi. Na hii imenyamaza. Injinia, utaanza na gani?"

Nilisema ile yenye mgonjwa.

"Ile imenyamaza," alisema. "Hizo zingine zimekuambia shida yao. Hiyo moja hujui."

Tangu siku hiyo aliniita injinia, ingawa alijua sina shahada, na kila Jumamosi ya pili nilikwenda Naro Moru hata kama mke wangu alikuwa na shughuli nyingine. Alinunua daftari la hesabu la miraba. Kwa kuwa haoni vizuri, aliandika kwa herufi kubwa, mambo manne matano katika ukurasa. Watu wasitazame ukuta, alisema, wakae kuzunguka meza, kila mmoja aone uso wa mwenzake. Anayesikiliza asiwe yule yule anayepiga kombora. Kuwe na kitufe cha kusema ngoja, na kiwe kikubwa kuliko cha kupiga. Mama mkwe alikuwa akituletea chai, akitutazama kama watoto waliopata matope. Aliniambia jikoni kwamba hajamwona mzee akiamka mapema kwa furaha namna hiyo tangu aache kazi. Nilifurahi kusikia hivyo. Nakumbuka nilifurahi, na sasa kulikumbuka jambo hilo kunaniuma.

Siku moja mvua ya mawe ilitukuta kwenye banda la viazi. Mabati yalipiga kelele hata hatukuweza kuzungumza, tukakaa juu ya magunia tukisubiri. Ilipopungua alianza kusema bila mimi kuuliza, akitazama mlangoni.

Kulikuwa na rubani kijana, mtoto wa kutoka Kangema, aliyependwa na kila mtu shambani. Kabla ya kuongea redioni alikuwa na tabia ya kupiga mluzi mfupi, mara mbili, ndipo aseme yuko wapi. Siku hiyo alikuwa anarudi na dawa za chanjo za ng'ombe. Asubuhi ilikuwa safi. Mchana wingu likashuka mlimani ghafla, likafunika upande ambao angepitia. Kazi ya baba mkwe ilikuwa kumwambia asije, ageuke atue Nanyuki. Lakini baba mkwe alikuwa ameshikwa na njaa, na ndege nyingine hakuna, kwa hivyo alikuwa ameondoka kwenye kiti akaenda nyuma ya ofisi kupasha githeri ya jana, mahindi na maharagwe, kwenye mkebe wa mafuta ya kupikia. Hakukaa sana. Moto ulikuwa unakataa kuwaka. Aliporudi alilitazama wingu, akashika redio, akaita, akaita tena. Walimpata kijana siku ya tatu, msituni.

Waliokuja kuchunguza walisema ni hali ya hewa. Walisoma kitabu cha redio, na ndani yake palikuwa pameandikwa kwamba mhudumu alikuwa mahali pake saa zote na hakusikia mwito wowote.

"Niliandika nilikuwa kwa kiti," alisema. "Na sijui kama aliita. Hiyo ndiyo sijui mpaka leo."

Nilisema pole. Alisimama akatikisa magunia kama mtu anayetafuta kitu. Kisha akasema kwamba kwenye meli yangu niweke viti viwili vya kusikiliza, vilivyofungwa kwa namna ambayo mmoja hawezi kuinuka kama mwenzake hajakaa.

"Nimekuambia kwa sababu ya meli," alisema. "Si kwa sababu ya watu. Hata mama yenu hajui."

Nilimwambia nimeelewa. Na nilielewa, sitajidanganya kwa hilo.

Nilichora viti viwili. Kilikuwa kitu bora kabisa katika meli nzima: viti vinavyotazamana, vilivyounganishwa kwa mkono mmoja wa chuma chini ya meza. Lakini hadithi ilikuwa bado. Niliandika tatu nikazifuta. Zilikuwa hadithi za maadmirali na vita, na kila moja ilinuka karatasi. Tarehe ya mwisho ilikuwa inakaribia. Asubuhi moja ofisini, kabla mteja wa kwanza hajafika, niliandika kwamba zamani, katika meli ya kizazi kilichopita, kulikuwa na mwanamaji wa redio aliyeinuka kwenye kiti chake kwenda kupasha mahindi na maharagwe kwenye mkebe wa mafuta. Niliandika kwa saa moja bila kusimama. Niliweka mluzi. Niliweka moto uliokataa kuwaka. Niliweka kitabu cha redio na uwongo ulioandikwa ndani yake. Nchi niliibadilisha, bahari nikaibuni, dawa za ng'ombe zikawa dawa za binadamu, na milima ikawa ukungu wa baharini. Nilijiambia kwamba nimeficha. Nilijiambia pia kwamba hakuna mtu wa Naro Moru atakayesoma kitabu cha Kiingereza cha watu wanaocheza na meli za kubuni.

Nilishinda. Daktari wa meno aliandika kwamba michoro ni ya kawaida, lakini ile hadithi ya mahindi na maharagwe ilimfanya aamini meli nzima. Nilisoma maneno yake mara nyingi kuliko ninavyopenda kukiri. Na kwa sababu nilikuwa na furaha, na kwa sababu katika kazi yangu hakuna anayekupongeza kwa choo kilichokaa vizuri, niliweka picha ya ukurasa wa kwanza wa kitabu kwenye status ya simu yangu, marafiki wauone. Shemeji yangu, kaka ya mke wangu, aliuona. Akakitafuta kitabu kizima mwenyewe. Mimi sikumtumia, lakini sikumzuia pia.

Jumapili iliyofuata tulikuwa Naro Moru, familia yote, baada ya kanisa. Tulipomaliza kula, shemeji aligonga glasi kwa kijiko, akasema kuna habari njema: baba na mkwe wake wametengeneza meli na imeshinda watu wa dunia nzima. Watu walipiga makofi. Baba mkwe alitabasamu, akauliza kama viti viwili vimo. Shemeji akasema vimo, na hadithi yake imo, ngoja nikusomee.

Hapo ndipo nilipaswa kusema acha. Nimeirudia dakika hiyo mara nyingi, na kila mara naona nafasi ilikuwa kubwa, ningeweza hata kumwaga chai. Nilichofanya ni kusema kwamba ni ndefu, tutasoma siku nyingine. Mama mkwe akasema hapana, soma, tunataka kusikia.

Shemeji alisoma akitafsiri papo hapo, kwa Kiswahili, mara kwa Kikuyu, ili wazee waelewe. Alipofika kwenye mahindi na maharagwe alicheka. "Ati githeri," alisema. "Huyu ametia githeri kwa meli ya vita." Wote walicheka. Mke wangu alinigusa bega kwa upendo. Sikuthubutu kutazama upande wa baba mkwe. Niliitazama mikono yake. Ilikuwa mezani, imetulia kabisa.

Kisha shemeji akasoma mluzi, mara mbili, kabla ya kusema yuko wapi.

Mama mkwe aliacha kucheka. Yule kijana wa Kangema alikuwa akila nyumbani kwao, jambo ambalo sikulijua. Alikuwa akipiga mluzi huo huo langoni, wajue ni yeye. Shemeji aliendelea kusoma, kwa kuwa yeye alikuwa mdogo sana wakati huo na hakumbuki, akafika kwenye kitabu cha redio na kilichoandikwa ndani yake. Mama mkwe alimwinulia mkono anyamaze. Alimgeukia mumewe.

"Ni yule kijana?"

Baba mkwe alisema, "Ni yeye."

Hakuna aliyepaza sauti. Mama mkwe aliinuka akaanza kukusanya sahani, na alipofika kwangu alichukua sahani yangu bila kunitazama. Baba mkwe alitoka akaenda kwenye banda la ng'ombe. Nilimfuata. Nilianza kumwambia kwamba nilibadilisha majina, kwamba hakukuwa hata na majina. Alisikiliza mpaka nikaishiwa.

"Nilikupatia ya kujenga kiti," alisema.

Tulirudi Ruring'u, tunakoishi. Nilikuwa nimezima gari tayari mke wangu alipozungumza.

"Ulibadilisha nchi," alisema. "Ukabadilisha bahari, ukabadilisha hata dawa. Githeri ilikushinda kubadilisha?"

Nilimwambia ukweli, kwamba githeri ndiyo iliyokuwa nzuri.

Wiki hiyo mke wangu aliniambia jambo jingine ambalo sikulijua. Baada ya mazishi, mama mkwe alikuwa amefanya urafiki na mama wa yule rubani. Kwa miaka mingi alikwenda Kangema kumwona, akakaa naye, akamwambia mara nyingi kwamba mume wake alimwita kijana kwa redio mpaka sauti ikakauka, na kwamba kila lililowezekana lilifanyika. Aliyasema hayo kwa moyo safi. Sasa aliona kwamba amekuwa akipeleka uwongo wa mtu mwingine nyumbani kwa mfiwa, mwaka baada ya mwaka, na aliamua kwamba lazima waende wakausahihishe. Baba mkwe hakubisha. Walinipigia simu niwapeleke, kwa sababu shemeji alikuwa kazini na mimi nina gari. Nadhani kulikuwa na sababu nyingine pia, lakini hawakuitaja.

Tulipitia Othaya. Kulikuwa na manyunyu, na wachumaji wa majani chai walikuwa wamejifunga plastiki kiunoni. Mama mkwe alitaka dirisha lifungwe.

Tulimkuta yule mama akimkatia mbuzi majani mbele ya nyumba. Ni mzee sana sasa, mdogo wa mwili, lakini anasikia vizuri. Alimkumbatia mama mkwe, akamshika baba mkwe mikono miwili, akatupeleka ndani na kumimina chai. Kisha akanitazama, akauliza huyu ni nani.

Nilikuwa na maneno tayari. Nilikuwa nimeyapanga njia nzima: mimi ndiye niliyeyatoa haya nje kabla hujaambiwa wewe, nimeyaandika kwa ajili ya sifa, watu wengi wameyasoma na wewe bado.

"Mimi ni mkwe wao, shosho," nilisema. "Nimewaendeshea gari tu."

Baba mkwe alinitazama, kisha akatazama chini.

Alimweleza kila kitu, taratibu, bila kujitetea. Hakuacha mkebe wala moto. Yule mama alisikiliza akiwa ameshika kikombe chake, hakunywa. Baba mkwe alipomaliza, nje mbuzi alisikika akitafuna.

"Aliita?" yule mama aliuliza.

"Sijui, mama. Ndiyo maana sikulala vizuri tena. Sijui."

Aliweka kikombe chini. Alisema kwamba miaka yote hii alikuwa amelaumu wingu, na kwamba wingu lilikuwa rahisi kulaumu kwa sababu haliji kunywa chai kwako. Sasa wamemletea mtu, naye hana nguvu ya kuanza upya. Hakusema kwa hasira. Alisema amechoka, na angependa kubaki peke yake. Alitusindikiza hadi mlangoni. Mama mkwe alimkumbatia, naye akakubali kukumbatiwa, mikono yake ikining'inia.

Niliporudi mjini niliandikia kikundi nikaomba hadithi yangu iondolewe. Waliiondoa siku hiyo hiyo, kwa upole, ila waliniambia kwamba nakala zilizokwisha kuchukuliwa hazirudi. Michoro walibaki nayo. Wapo wanaoitumia ile meli katika vita vyao vya kubuni, na nasikia inafanya vizuri. Mimi nilijitoa kikundini bila kumuaga mtu. Daktari wa meno alinitumia ujumbe wa kuuliza kulikoni. Sikumjibu, na hilo pia si haki, kwa kuwa yeye hana kosa.

Kwa miezi kadhaa baba mkwe alinisalimia vizuri na kuniuliza kuhusu mvua. Lile daftari la miraba sikuliona tena. Nilipotaka kuandika haya nilikwenda kwanza kumwomba ruhusa, maana sasa najua kwamba huombwa. Alikuwa akinoa jembe. Aliuliza kama ni ya shindano. Nilisema si ya shindano.

"Andika," alisema. "Lakini uweke na yako. Ile ya dereva."

Kwa hivyo nimeiweka. Nimerudi Kangema mara mbili kwa nia ya kumwambia yule shosho mimi ni nani. Mara ya kwanza alikuwa kanisani, na niliona nimepumua. Mara ya pili alikuwepo. Nilimwambia nikiwa nimesimama, mlangoni. Aliniuliza kama ninalipwa kwa kuandika, nikasema silipwi. Akauliza basi kwa nini. Nilimwambia nilitaka watu waseme ni nzuri. Aliitikia kwa kichwa kama mtu aliyeambiwa bei ya sukari, akasema nifunge lango nikitoka, mbuzi asitoroke.

Mwezi uliopita tulikuwa Naro Moru wakati simu ya mama mkwe ilipolia. Ilikuwa ni yule shosho wa Kangema. Waliongea kuhusu mafua na kuhusu barabara, kisha mama mkwe akasikiliza, akampelekea mumewe simu uani. Alimnong'oneza kwamba yule mama anataka kujua kijana alisema nini redioni asubuhi ile, alipokuwa akiondoka, wakati wingu lilikuwa bado halijashuka.

Baba mkwe aliichukua simu kwa mikono miwili, akatembea nayo mpaka kwenye kihori cha ng'ombe, akasimama huko ametupa mgongo. Aliongea muda mrefu kuliko nilivyowahi kumsikia akiongea. Upepo ulikuwa unatoka upande wangu kwenda kwake, sikusikia neno hata moja. Alipomaliza alimrudishia mama mkwe simu, akaosha mikono, akaja mezani. Mke wangu alinitazama. Nilimpitishia baba mkwe mkate, na sikumuuliza.